Fomu ya Komba

Fomu imetoka Lindi mjini ndani ya bahasha ya kaki,
imepanda Rondo kwa bodaboda iliyobeba salfa,
kila karatasi inanuka dawa ya mikorosho.
Safu mbili: MWITUNI. KIFUNGONI.
Na chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
jaza tarakimu, usijaze maelezo.

Mimi ni kibarua wa masikio.
Nalipwa kukaa kimya usiku juu ya kichuguu,
nyuma ya misonobari ya serikali,
nisikilize kilichosalia katika kipande cha msitu
ambacho misumeno ilikiacha, au ilikisahau.
Mivule ilikwisha kuondoka babu hajaingia jandoni.

Komba wetu si yule wa kusingiziwa ulevi.
Yule ni mkubwa, ndiye mchungulia vibuyu vya wagema.
Huyu anaenea kiganjani: macho mawili
na mkia kama brashi ya kuoshea chupa.
Uraka hajauonja.
Hulia mara mbili, mara mbili,
kama mtu anayeanza kusema
akaghairi.

Jumatatu: watatu.
Jumanne: mvua.
Jumatano: wawili, na mmoja nisiyemwamini,
huenda ni yule yule amehama mti.
Alhamisi niliandika sifuri, kisha
nikakaa nusu saa zaidi, isiyo na malipo.

"Safu ya pili usihangaike nayo,"
Afisa Namkulala alisema kwenye simu.
"Huyo hafugiki. Weka sifuri mapema, uokoe muda."
Nikasema sawa, afande,
huku namtazama Somoe, binti wa dada yangu,
akimenya ndizi mbivu
kwa ajili ya tenga la kuku lisilo na kuku.

Alimwokota siku ule mkongo wenye pango
ulipoangushwa kulisha tanuri la mkaa.
Panzi humkatia miguu kwanza,
isimkwaruze koo.
"Mjomba, utamwandika?"
Nikamwambia, kula ugali wako.

Ijumaa usiku tukampeleka,
Somoe na tenga kichwani,
mimi na tochi niliyoifunga kitambaa chekundu.
Tukafungua. Hakutoka upesi.
Alinusa, akajikojolea viganja kama ilivyo desturi yao,
akaruka, na giza likamfunika pale pale.
Somoe hakulia. Alikung'uta tenga
kama mama aliyemaliza kuuza dagaa.
Nikaandika: mwituni, mmoja. Kwa wino.

Alfajiri natoka na kopo la maji,
yumo.
Mlango wa tenga wazi, na yeye ndani,
amejikunja kwenye mkia wake,
kipande cha bawa la nondo kimemganda mdomoni.
Usiku uliofuata akatoka, akarudi.
Na uliofuata.
Anakula kwa Mungu, analala kwetu,
kama wale vijana wa msimu wa korosho
wenye kazi lakini hawana chumba.

Sasa nimekaa na kalamu.
Nikimtia kulia watakuja na sare, na kizimba cha waya,
na mtoto wa miaka kumi ataulizwa kibali.
Nikimtia kushoto nitakuwa nimewaambia Lindi
kwamba msitu bado una mashimo ya kutosha,
nao watashukuru, watapiga muhuri,
watalifunga jalada.

Katikati ya safu hizo kuna mwanya mwembamba.
Neno haliingii. Nukta inaingia.
Nimeitia hapo, nimeikoleza mpaka karatasi ikatoboka,
ukiinua fomu kwenye jua
unaona mwanga kupitia kwake.
Afisa atadhani ni mende.

Somoe yuko kizingitini anasuka ukindu,
meno yameshika ncha moja, vidole vinavuta nyingine.
Tenga jipya, dogo kuliko la kwanza.
Nimemuuliza, hilo la nani tena?

"La yule wa Jumatano," anasema, ukindu mdomoni.
"Yule usiyemwamini."